Mkasi Unaopita Kabla ya Mkaguzi

Mwaka 2009 kampuni ya MGM ilipiga filamu ya Red Dawn, kisa cha vijana wa mji mdogo wa Marekani wanaopambana na jeshi la China lililovamia nchi yao. Filamu ilipofika sinema Novemba 2012, wavamizi walikuwa wamegeuka Wakorea Kaskazini. Waigizaji walikuwa wale wale. Bendera na nembo zilibadilishwa kwa kompyuta, baadhi ya mazungumzo yakahaririwa, basi. Sheria za China hazina nguvu Los Angeles. Studio ilishika mkasi yenyewe, kwa hofu ya kufungiwa soko la China.

Sababu yake iko kwenye hesabu. China hairuhusu kila filamu ya kigeni iingie. Tangu makubaliano ya 2012, mgawo ni filamu 34 kwa mwaka zinazogawana mapato ya milangoni, na studio ya nje huchukua asilimia 25. Hisa hiyo ni ndogo, lakini ukumbi ni mkubwa: mwaka 2016 filamu ya Warcraft iliambulia takriban dola milioni 47 Marekani, ikavuna zaidi ya milioni 200 China. Filamu inayogharimu zaidi ya dola milioni 150 ni nadra kulipwa na watazamaji wa nyumbani peke yao, kwa hiyo mtu wa masoko huketi mezani tangu mswada ukiwa rasimu.

Na huyo mtu anabahatisha. Tangu 2018 idhini ya filamu iko chini ya idara ya uenezi ya Chama cha Kikomunisti, na sheria yao inakataza mambo mapana kama kudhalilisha heshima ya taifa. Madaraja ya umri hawana, hivyo filamu ama inafaa kwa kila mtu kuanzia mtoto, ama haifai kwa yeyote. Mipaka isipojulikana, mwenye mtaji husimama mbali nayo, na hapo ndipo vinapokufa visa ambavyo hakuna mkaguzi aliyewahi kuviomba vife.

Adhabu nayo haiishii kwenye filamu iliyokosea. Disney walipotoa Kundun mwaka 1997, filamu kuhusu Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Tibet, eneo linalotawaliwa na China, shughuli zao zote China zilitikisika. Mwaka uliofuata mkuu wao, Michael Eisner, alikwenda Beijing kuomba radhi. Kampuni ilikuwa inataka kujenga bustani ya burudani kule. Ilifunguliwa Shanghai mwaka 2016. Tangu Kundun, ni studio gani kubwa iliyothubutu kuigusa Tibet tena?

Tusidhani China ndiyo iliyobuni mchezo huu. Desemba 1930, wafuasi wa Hitler waliachia panya weupe na mabomu ya uvundo ndani ya sinema moja ya Berlin iliyokuwa ikionyesha All Quiet on the Western Front, filamu ya Marekani kuhusu askari wa Kijerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Filamu ikapigwa marufuku Ujerumani. Ili irudi, studio ya Universal ilikubali kukata vipande, tena ikaahidi kwamba toleo lililokatwa ndilo litakaloonyeshwa katika nchi nyingine pia. Kwangu mimi kifungu hicho cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachotugusa sisi. Bodi ya Nairobi au Dar es Salaam inapozuia filamu, angalau tunajua nani kazuia na nani wa kumlalamikia. Anayelipa kiingilio chake kwenye kibanda umiza Mbagala hupokea filamu iliyokwisha kupunguzwa kwa ajili ya mtu mwingine, na hakuna tangazo linalomwambia.

Soko hubadili filamu hata pasipo siasa. Mlipuko hauhitaji kutafsiriwa, utani unahitaji. Ndiyo maana vichekesho na visa vya watu wazima kuzungumza jikoni vimepungua kwenye bajeti kubwa, huku mashujaa wanaoruka wakiongezeka. Wakati mwingine soko huongeza badala ya kukata: Iron Man 3 ya mwaka 2013 ilikuwa na toleo la China lenye matukio ya ziada ya madaktari wa Kichina, ambayo watazamaji wengi wa huko waliyaona ni ya kubandikwa tu.

Sasa mvuto wa soko la China unalegea. Bendera za Japani na Taiwan zilizoonekana kubadilishwa kwenye koti la rubani katika kionjo cha Top Gun: Maverick mwaka 2019 zilirudi filamu ilipotoka 2022. Haikuonyeshwa China, na bado ilikusanya karibu dola bilioni 1.5 duniani. Wachina wenyewe wanapenda zaidi filamu zao siku hizi.

Lakini kiti hakikai wazi. Saudi Arabia ilifungua tena sinema Aprili 2018 baada ya miaka zaidi ya thelathini, na mwaka 2022 iliiomba Disney iondoe takriban sekunde 12 katika filamu ya Doctor Strange, pale msichana anapowataja mama zake wawili. Disney ilikataa, filamu haikuonyeshwa. Studio nyingi huepuka mvutano wa namna hiyo mapema zaidi: mstari wenye utata huandikwa mfupi, kwa mhusika mdogo, mahali ambapo ukiondolewa kisa hakichechemei.