Tabora, usimuulize mtu dhehebu: muulize kwao ni wapi

Kila ninapopokea wanafunzi wapya wa historia ya kanisa hapa Tabora, nawauliza kwao ni wapi. Wa Urambo au Sikonge namwandikia "Moravian" pembeni ya jina, wa Kasulu namwandikia "Anglikana". Siku hizi nakosea zaidi kuliko zamani, lakini bado napatia kiasi cha wao kuulizana nani kawasema.

Hakuna aliyewasema. Wamisionari wa London Missionary Society (LMS), Waprotestanti kutoka London, walifika Ujiji mwaka 1878, na mapadre wa Kikatoliki wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, lile la Kardinali Lavigerie, wakaingia mwanzoni mwa 1879. Wote walipita njia ileile ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo, na wote walikuta Uislamu umeshatia mizizi Ujiji. LMS hawakudumu pale. Kwa Mtemi Mirambo, Urambo, walipokelewa vizuri zaidi wakajenga kituo, ila mwaka 1898 wakakikabidhi kwa Wamoravian wa Ujerumani, waliokuwa Rungwe tangu 1891. Kituo kikabadili mwenyewe kama shamba, waumini wakiwa ndani yake.

Waprotestanti wa enzi zile walikuwa na desturi ya kuachiana maeneo ili wasigombanie watu. Wakatoliki hawakuwamo katika mapatano hayo, ndiyo maana parokia utazikuta kila upande. Buha nako, huko Kigoma, Waanglikana walipata nguvu kupitia wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) kutoka Australia, na mwaka 1966 ikazaliwa Dayosisi ya Western Tanganyika, makao yake Kasulu. Kwa hiyo mtu akinijia na hoja kali za ubatizo wa watoto, kana kwamba babu yake alikaa akapima mafundisho yote kisha akachagua, huwa namwacha amalize, halafu namuuliza babu alizaliwa kijiji gani.

Kinachovuruga hesabu zangu ni mji. Mtu anahamia Tabora mjini, anaoa kwingine, au anaokoka. Hapo inabidi nisikilize maneno. Wa parokia na kigango atakuamkia "Tumsifu Yesu Kristo" na kusubiri "Milele, amina". Mlokole ni "Bwana asifiwe". Mlutheri husema usharika, Mmoravian husema ushirika. Irabu moja tu, lakini ukiikosea mbele ya wazee wa kanisa utasahihishwa kabla hujaketi.

Wanafunzi hupenda kuniuliza nani wengi. Sensa yetu haijauliza dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo asilimia mnazosoma ni makadirio. Mimi naona ni heri. Katiba ya 1977 inasema nchi haina dini. Watu wake wanazo, na kwenye msiba wa Mkristo mtaani kwetu ng'ombe huchinjwa na Muislamu ili sufuria iwe moja. Hilo halimo kwenye mtaala wangu, nalifundisha hivyohivyo.

Ukitaka kuona dhehebu likiwa na sura yake yenyewe, nenda na Wamoravian makaburini alfajiri ya Pasaka. Desturi hii ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732: jua linachomoza, ufufuo unatangazwa juu ya waliolala. Huku kwetu giza likiwa bado zito utasikia tarumbeta, kisha unaona mishumaa ikishuka kati ya miembe. Mwaka jana nilisimama karibu na mama mmoja wa Kiislamu, ushungi kichwani, kwenye kaburi la kaka yake aliyefia Umoravian. Nyimbo hakuimba. Upepo ulipovuma akaukinga mshumaa wa kaka yake kwa pindo la ushungi, na alipoona wa kaburi la jirani umezimika, akauwashia kwa ule wake.