Mama mbadala: mzazi ni yupi?

Katika saluni moja ya Ujiji, dada aliyekuwa akisukwa alituonyesha kwenye simu picha ya msanii wa ng'ambo aliyepata mtoto bila kubeba mimba. Msusi akasimamisha kitana. "Kwa hiyo kakodi tumbo?" Bibi aliyekuwa akisubiri zamu akaleta la kwake: "Na huyo aliyebeba akifia leba, damu yake inadaiwa kwa nani?"

La bibi ndilo zito, lakini tuanze na la msusi. Mama mbadala ni mwanamke anayebeba mimba kwa makubaliano kwamba akishajifungua, mtoto atakuwa wa wengine. Kwa namna ya zamani yai ni lake mwenyewe, kwa hiyo mtoto ni damu yake. Siku hizi zaidi yai na mbegu hukutanishwa maabara, kisha kiinitete kikapandikizwa kwake. Njia hiyo ilifunguka baada ya 1978, alipozaliwa Uingereza Louise Brown, mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili. Hapo mbebaji hana nasaba na mtoto, na "tumbo la kukodi" linakaribia ukweli, ila tumbo halipangishwi kama chumba cha uani. Mwenyewe anatapika nalo, anavimba nalo miguu, pengine anapasuliwa.

Kiswahili kilishaamua zamani. Wodi ya wazazi hulala waliojifungua, na mzazi ni yule anayekandwa maji ya moto. Sheria ya Uingereza imesimama hapo hapo: aliyezaa ndiye mama, hata kama yai si lake, mpaka mahakama itoe amri nyingine. California walikwenda kwingine. Katika kesi ya Johnson na Calvert, mwaka 1993, mwenye yai na mwenye tumbo walipogombea mtoto, mahakama ilimpa aliyekusudia tangu mwanzo kumleta duniani amlee. Hapa Ujiji ukiuliza msikitini utasomewa Suratul-Mujadila, kwamba mama zao ni wale tu waliowazaa. Parokiani nako hupati ruhusa. Januari 2024 Papa Francis alitaka jambo hili lipigwe marufuku dunia nzima.

Kinachochochea mjadala zaidi ni pesa. India, kwa sheria ya 2021, mbebaji halipwi ujira, anagharamiwa matibabu na bima tu. Afrika Kusini Mahakama Kuu huidhinisha mkataba kabla ya mimba kupandikizwa, na kwangu hao ndio waliofikiri vizuri, maana mtoto akishalia ndani ya kanga hakuna tena mkataba unaosomeka kwa utulivu.

Mjadala huu haukosi anayeitaja The Handmaid's Tale, riwaya ya Margaret Atwood ya 1985. Katika dola la Gilead, wanawake wenye uzazi hugawiwa wakubwa wawazalie, kwa kisingizio cha kisa cha Biblia, Raheli alipomtoa mjakazi wake Bilha amzalie. Naona wengi wanachanganya: pale hakuna makubaliano, ni utumwa mtupu. Ila jina la msimulizi linanigusa. Anaitwa Offred, yaani "wa Fred", bwana aliyemmiliki. Kwetu mwanamke hupewa jina na mwanawe: Mama Asha, Mama Juma. Na huyu mbadala, ambaye mtaa mzima ulimwona bombani na tumbo lake, anarudi mikono mitupu na maziwa yanamlowesha blauzi. Msusi alikuwa kwenye msuko wa mwisho alipouliza, "Sasa huyo tutamwita mama nani?"