Kuacha Kazi Uarabuni Bila Kupoteza Kibali cha Kukaa

Mzazi anapofika katika kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Mombasa kuulizia habari za mwanawe aliyeko Saudia, huanza na mshahara. Sisi humuuliza kwanza: iqama yake, yaani kadi ya kibali cha kukaa, inaisha lini? Wengi hawajui. Hata kijana mwenyewe huko aliko huenda hajui, maana kadi anayo kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini.

Kuchoka na kazi si kosa. Mtu ana haki ya kutafuta penye afadhali, na sisi hatumwambii yeyote avumilie kazi asiyoitaka. Ila katika nchi za Ghuba, kibali cha mfanyakazi hutegemea mwajiri: ndiye anayekiomba na ndiye anayekihuisha. Ukitoka kwake kabla hujapata pa kukihamishia, anaweza kuripoti kwamba umetoroka. Taarifa hiyo, wenyewe huiita huroob, ikishaingia kwenye mfumo, utapata taabu kuajiriwa kwingine na hata kurudi nyumbani.

Linalowaponza wengi ni ushauri wa rafiki. Aliyeko Doha humweleza aliyeko Riyadh jinsi yeye alivyofanya, na huyu anafuata, ilhali sheria ni mbili tofauti. Qatar, tangu mageuzi ya 2020, si lazima upate ruhusa ya mwajiri ili kuhama, hata ukiwa mfanyakazi wa nyumbani. Unachodaiwa ni notisi: mwezi mmoja ikiwa hujazidisha miaka miwili kwake, miezi miwili ukizidisha. Notisi na ombi la kuhama hupitia mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Kazi. Kumwambia bosi kwa mdomo hakutoshi.

Saudia kuna mtego. Mageuzi yaliyoanza tarehe 14 Machi 2021 yanamruhusu mfanyakazi wa kampuni kuhama baada ya mwaka mmoja bila idhini ya mwajiri. Hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa nyumbani, watunza bustani wala wachungaji. Na wengi wanaotoka Kisauni, Likoni na Changamwe huenda kufanya kazi hizo hizo. Hawa kwa kawaida huhamishwa kwa idhini ya kafili, isipokuwa penye sababu zinazotambuliwa, kama vile kutolipwa mshahara wa miezi mitatu, kupelekwa kufanyia kazi watu wengine, au kuripotiwa kwa uongo kwamba wametoroka. Kila sababu inataka ushahidi. Kwa hiyo usifute ujumbe wa sauti wa kafili anayekuahidi mshahara "mwezi ujao", na tunza picha ya mkataba wako.

Imarati, kibali kikifutwa unapewa muhula wa kupata kingine au kuondoka. Wengine hupata siku 30, wengine 60, wachache hadi 180, kutegemea aina ya kibali. Usikisie. Soma tarehe iliyo kwenye karatasi ya kufutwa, kwa sababu kila siku inayopita baada yake ni faini ya dirhamu 50.

Wapo wanaotoka usiku na kuanza kuishi kwa vibarua, wale wanaoitwa Kemboi. Mwanzoni fedha huonekana nzuri kuliko za kafili. Lakini akiugua, akidhulumiwa ujira au akijifungua mtoto huko, ndipo anapojua uzito wa kukaa bila kibali. Anaogopa kwenda hospitali, anaogopa polisi, na huyo mtoto hupata shida ya vyeti. Kwa maoni yetu hakuna mshahara unaofidia hali hiyo.

Kabla ya kutamka kwamba unaacha kazi, sajili laini ya simu kwa jina lako. Akaunti ya Absher, mfumo wa mtandaoni wa huduma za serikali kule Saudia, hutuma namba ya siri kwenye simu, na laini ikiwa ya kafili, yeye ndiye anayeona mambo yako. Angalia pia pasipoti. Ikikaribia kuisha, ishughulikie mapema kupitia ubalozi wa Kenya, maana kibali kipya juu ya pasipoti iliyokwisha hakipatikani.

Haya yote ni ya mtu aliyechoka na kazi. Anayepigwa, anayenyimwa chakula au anayeingiliwa kwa nguvu asingoje notisi. Atoke, aende polisi au ubalozini, na aeleze siku hiyo hiyo kwa nini ametoka, kabla ripoti ya kutoroka haijatangulia. Kenya ina balozi Riyadh, Doha na Abu Dhabi, na ubalozi mdogo Dubai.

Nanyi mliobaki nyumbani, wekeni nakala ya pasipoti, iqama, mkataba, jina na simu ya kafili, pamoja na jina la ajenti aliyemsafirisha mwanenu. Mkifika kwetu au Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira na karatasi hizo, barua kwa ubalozi inaweza kuandikwa mkiwa mmekaa hapo hapo.