Kabla hujaamini simu ya intaneti, uliza ufunguo uko kwa nani

Mawakili na mashirika madogo ya haki hapa Nairobi huniletea matangazo ya huduma za simu za intaneti wakitaka kujua kama ni salama. Karibu kila tangazo hujivunia "usimbaji fiche wa biti 256", yaani kugeuza mazungumzo kuwa fumbo kwa ufunguo, ambao ni namba ndefu ya siri. Mimi kwanza huuliza ufunguo unatengenezwa wapi, na nani mwingine anao.

Zoom ilikuwa ikitangaza kwamba mikutano yake imesimbwa mwisho hadi mwisho, yaani hata kampuni haiwezi kusikiliza. Machi 2020 ikabainika kwamba inaweza. Mwezi uliofuata watafiti wa Citizen Lab, Toronto, waliichunguza programu yenyewe. AES-256 iliyotangazwa, yaani njia ya usimbaji yenye ufunguo wa biti 256, hawakuiona. Walikuta AES-128, yenye ufunguo mfupi zaidi, tena katika mtindo wa ECB unaoacha ruwaza za data zionekane, na ufunguo mmoja kwa mkutano mzima. Ufunguo huo ulitoka kwenye seva za kampuni, na mara nyingine ulipitia seva iliyoko China ingawa hakuna mshiriki aliyekuwa huko. Baadaye Zoom ilirekebisha mengi, lakini ni baada ya watu wa nje kuchungulia.

Wauzaji wengine hunijibu kwamba ndani hapachunguziki, kwa sababu za usalama. Jibu hilo silikubali. Tangu 1883 mtaalamu wa usimbaji Auguste Kerckhoffs alishaeleza kwamba mfumo mzuri hubaki salama hata adui akiujua wote, mradi ufunguo tu ubaki siri.

Wengine huonyesha ripoti ya ukaguzi. Vizuri, ila nataka kujua nani aliilipia na ni toleo gani lililokaguliwa. Skype ilimwajiri mtaalamu wa usimbaji Tom Berson aikague mwaka 2005, naye akausifu usimbaji wake. Mwaka 2008 ikagundulika kwamba toleo lililosambazwa China, TOM-Skype, lilikuwa likihifadhi jumbe za watu kwenye seva.

WhatsApp naiweka katikati: programu imefungwa, lakini itifaki yake, yaani kanuni zake za usimbaji, ni ya Signal, programu nyingine ya mawasiliano, na iko wazi kwa yeyote kuisoma. Tena wawili wanaweza kulinganisha namba za usalama kuhakikisha hakuna mtu aliyejipenyeza katikati yao. Fanyeni hivyo, tena ana kwa ana.

Na hata hapo, wakili akumbuke kwamba usimbaji huficha maneno tu. Nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, seva inaweza kuyajua yote. Kwa shahidi anayejificha, hayo pekee yanatosha kumfichua.