Ijumaa ya tarehe 13 haikuanzia kwa Mfalme Philip IV

Kila Ijumaa inapoangukia tarehe 13, mitandaoni huzuka simulizi ileile: eti mkosi huo ulianza siku mfalme wa Ufaransa, Philip IV, alipowakamata Templar, wale watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba.

Tukio lenyewe ni la kweli, na tarehe ni sahihi. Amri ya siri ilitumwa kwa maofisa wa mfalme Septemba 14, 1307. Alfajiri ya Ijumaa, Oktoba 13, Templar wakazolewa nchi nzima kwa mkupuo. Kwa zama za farasi na barua za mkono, siri ya mwezi mzima si jambo dogo! Paris walihojiwa 138, wengi wakiteswa au kutishiwa mateso; wanne tu ndio waliokana kila tuhuma. Philip, ambaye hazina yake ilikuwa taabani na mwaka mmoja nyuma alikuwa amewafukuza Wayahudi na kutwaa mali zao, alipata alichotaka. Au karibu yake, maana mwaka 1312 Papa Clement V alilivunja shirika bila kulitia hatiani, na mali akaagiza ipewe Wahospitali, shirika jingine la watawa wapiganaji.

Ila mkosi? Watu wa Ulaya waliogopa Ijumaa kivyake na 13 kivyake. Hofu ya viwili hivyo kwa pamoja huonekana katika maandishi ya karne ya 19, na Templar walipachikwa humo baadaye kabisa, karne ya 20.