Je, Wajua? Inyasi wa Loyola Hakuongoka Alipokaribia Kufa

Kila tarehe 31 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mahubiri mengi hupita njia ileile: askari mwenye majivuno, kombora la mzinga, mguu uliovunjika, mauti mlangoni, na papo hapo moyo ukamgeukia Mungu. Hata Wajesuiti, shirika aliloliasisi yeye mwenyewe, walipoadhimisha miaka 500 ya kuongoka kwake waliufungua mwaka wa jubilei tarehe 20 Mei 2021, yaani siku ya kombora. Muumini aelewe nini tena? Lakini Inyasi alipoyasimulia maisha yake uzeeni hakusema hivyo. Kwa maelezo yake, alikaribia kufa, akapona, akabaki yuleyule. Kilichomgeuza kilikuja baadaye, na kilianza kwa kukosa kitabu cha kujipumbazia.

Habari za nyuma ni fupi. Alizaliwa mwaka 1491 huko Azpeitia, katika nchi ya Wabasque kaskazini mwa Hispania, akakulia mambo ya upanga, heshima ya ukoo na mabibi wa kasri. Mei 1521 Wafaransa waliishambulia ngome ya Pamplona. Wenzake waliona ni heri kusalimu amri. Yeye akawashawishi wapigane. Kombora likampita katikati ya miguu, likausaga wa kulia na kuujeruhi wa kushoto. Wafaransa wakamtibu kwa heshima, kisha wakampeleka kwao kwa machela.

Nyumbani matabibu wakaona mifupa imekaa vibaya, wakaivunja upya ili waipange. Nusu kaputi ya etha ilikuwa bado miaka 325 mbele, na yeye, anasema, hakutoa ishara yoyote ya maumivu ila kukaza ngumi. Baada ya hapo hali ikazidi kuwa mbaya. Siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji akashauriwa aungame. Akapokea sakramenti. Tarehe 28 Juni, mkesha wa Petro na Paulo, matabibu wakasema kama hakuna mabadiliko ifikapo saa sita usiku, wamhesabu maiti. Usiku uleule akaanza kupata nafuu, na siku chache baadaye ikaonekana hatari imepita.

Hapa ndipo ushuhuda wa kanisani ungeishia kwa vigelegele. Mgonjwa alikuwa na ibada ya pekee kwa Mtakatifu Petro, na kapona katika mkesha wa Petro. Mtu aombe nini zaidi? Sasa tazama alichofanya. Mfupa ulipounga, kipande kilibaki kimetokeza chini ya goti, na mguu ukawa mfupi kuliko mwenzake. Kwa mtu wa kasri hilo lilikuwa balaa, maana buti za kubana zilizokuwa fasheni ya wakati ule zisingemkaa. Akauliza kama mfupa unaweza kukatwa. Akajibiwa unaweza, ila maumivu yatayashinda yote yaliyotangulia. Akasema kateni. Wakamkata akiwa macho, kisha wakamfunga vyombo vya kuuvuta mguu siku baada ya siku. Yote hayo kwa ajili ya buti! Alikuwa ameshapokea sakramenti mauti yakiwa mlangoni, na bado shida yake kubwa ilikuwa jinsi atakavyoonekana mbele ya mabibi.

Wala si kwamba imani hakuwa nayo. Kabla ya mapigano, kwa kuwa padre hakuwepo, aliungama dhambi zake kwa askari mwenzake, desturi iliyokuwepo zama zile. Hofu ya kifo ilimkumbusha anayoyajua, haikumwonyesha jipya. Hofu ilipokwisha, naye akarudi kwenye hesabu zake.

Mguu haukuruhusu kukanyaga, basi akalala kitandani akiwa mzima wa afya kwa mengine yote. Akaomba hadithi za mashujaa na mapenzi, aina aliyoipenda. Nyumba nzima haikuwa na hata moja. Kilichopatikana ni maisha ya Kristo na kitabu cha maisha ya watakatifu. Akavisoma kwa shingo upande, na katikati ya kurasa akawa anaota mchana. Ndoto ya kwanza ilikuwa ya bibi fulani wa daraja la juu kuliko duchesi: atamfuata vipi, atamwambia maneno gani, atamfanyia ushujaa upi. Hiyo iliweza kumchukua saa mbili, tatu, hata nne bila yeye kujua. Ndoto ya pili iliota juu ya vitabu: vipi nami nikifanya aliyoyafanya Fransisko, au Dominiko? Niende Yerusalemu peku, nile majani?

Hapa ndipo kiini kilipo. Ndoto zote mbili zilikuwa tamu. Wengi hudhani ile ya bibi ilimchoma dhamiri na ile ya watakatifu ikamfurahisha. La, wakati wa kuota hazikutofautiana. Chukua mkulima anayetoka alfajiri. Leo kanywa chai ya sukari nyingi kwa maandazi, kesho kala kiporo cha ugali na maharage. Mezani huwezi kumwambia kipi bora, vyote vimemridhisha, na pengine maandazi yamempendeza zaidi. Jibu liko shambani saa nne: siku moja mikono inatetemeka kwenye jembe, siku nyingine bado analima. Tena asubuhi moja haitoshi, maana huenda jana hakulala vizuri. Lazima yajirudie, na lazima mtu awe na tabia ya kujiangalia saa nne, si saa kumi na mbili. Inyasi alikuwa na muda wa kutosha wa kujiangalia. Akagundua kwamba ndoto ya bibi ikiisha humwacha mkavu na mnyong'onyevu, na ile ya Yerusalemu ikiisha humwacha mchangamfu, hata ikishatoka akilini. Mambo yakaanza kumgeuka hapo. Akachukua daftari, akanakili maneno ya Kristo kwa wino mwekundu na ya Bikira Maria kwa wino wa buluu, karibu karatasi 300.

Tahadhari kidogo. Karibu haya yote yana mlango mmoja: Inyasi mwenyewe, akimsimulia Mjesuiti mwenzake Luis Gonçalves da Câmara kati ya 1553 na 1555, zaidi ya miaka 30 baadaye. Sentensi ya kwanza ya simulizi inasema aliishi katika ubatili hadi umri wa miaka 26, wakati mtu aliyezaliwa 1491 alikuwa na kama 30 pale Pamplona. Tena msimulizi alikuwa ameshawafundisha wengine kupima nyendo za moyo kwa miongo kadhaa. Si ajabu kumbukumbu ikapangika kwa mpangilio wa somo. Ila habari ya buti naiamini. Hakuna anayetunga hadithi ya utakatifu wake akaweka buti.

Mwaka 1522 aliondoka kwao akichechemea, akauacha upanga wake katika monasteri ya Montserrat, akakaa karibu mwaka mzima katika mji wa Manresa. Huko ndiko yalikoanzia Mazoezi ya Kiroho, mwongozo wake wa kusali na kupima nyendo za moyo, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Shirika lenyewe lilikuwa limekubaliwa mwaka 1540, na miaka miwili tu baadaye mwenzake Fransisko Ksaveri alipitia Malindi akielekea Goa.

Cha ajabu zaidi ni kwamba kipimo kile alikigeuzia hata mambo matakatifu. Kule Manresa, kila alipojilaza, faraja kubwa za kiroho zilikuwa zikimjia na kumla saa chache alizojiwekea za kulala. Akakumbuka kwamba mchana alikuwa na muda mwingi wa kusali. Akaanza kutilia shaka kama faraja hizo zinatoka kwa roho mwema, akaamua ni heri aziache. Akalala.