Zuio linamfunga mtu, haliishiki mali: yanayokosewa kuhusu kesi za utapeli wa nje

Mtu aliyetapeliwa, na fedha zake zikavuka mipaka, hufika kwa wakili na ombi moja: "Zuia akaunti zake zote, popote zilipo." Ana haki ya kuomba hivyo. Inaniuma tu kuona siku zikipotea kwa sababu mtu amelielewa vibaya zuio alilolipata, yaani amri ya mahakama inayomkataza mdaiwa kuhamisha au kutumia mali zake.

"Jaji akisaini, akaunti zinafungwa dunia nzima."

Hapana. Chukua nakala ya zuio la Uingereza uisome. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza kuna onyo: mdaiwa, kwa jina lake, akikaidi anaweza kufungwa jela, kutozwa faini au kukamatiwa mali. Anayesemeshwa ni yeye. Benki iliyo Uingereza ikishapelekewa nakala nayo itatii, kwani kumsaidia kukiuka ni kuidharau mahakama. Benki ya ng'ambo ni habari nyingine. Tangu shauri la Babanaft la 1988, amri hizi huwekewa kifungu kwamba watu baki walio nje, kwa kawaida, hawabanwi mpaka mahakama ya kwao iitambue amri hiyo au kuikazia. Ndiyo maana wakili makini humtafuta mwenzake wa kule fedha zilikotua siku ileile, hangoji wiki ijayo.

Lakini amri ina meno. Mukhtar Ablyazov, mwenyekiti wa zamani wa benki ya BTA ya Kazakhstan, aliyeshtakiwa na benki hiyo, aliamriwa London ataje mali zake, akaficha. Februari 2012 alihukumiwa miezi 22 jela kwa kudharau mahakama. Alikuwa keshaondoka Uingereza. Akaambiwa ajisalimishe na aseme kweli, la sivyo utetezi wake ufutwe. Hakurudi, benki ikashinda bila yeye kusikilizwa.

"Fedha zikiwa ndani ya nchi, mahakama ya hapo itazizuia."

Meli iitwayo Siskina ilizama, na mali pekee ya wenye meli ikabaki fedha za bima zilizotarajiwa kulipwa London. Wenye shehena wakaomba zizuiwe. Mwaka 1977 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa: dai lenyewe halikuwa la kusikilizwa Uingereza, na zuio halisimami bila dai. Bunge liliziba pengo hilo kwa kifungu cha 25 cha sheria ya 1982, kikapanuliwa 1997 kisaidie kesi za nchi yoyote. Kisha 2021, katika shauri la Broad Idea kutoka Visiwa vya Virgin vya Uingereza, majaji wengi wa Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa ya visiwa hivyo iliyoko London, wakasema kanuni ya Siskina isifuatwe tena.

Na bado mwombaji alishindwa! Kanuni za visiwa hivyo hazikuruhusu mdaiwa aliye nje apelekewe hati za maombi ya zuio peke yake. Kwa hiyo maswali ni mawili: je, mahakama inaweza kutoa amri ya namna hii? Na je, ina mamlaka juu ya mtu huyu? Ukijibu la kwanza ukaliacha la pili, umejenga bila msingi.

Marekani ni vingine kabisa. Katika Grupo Mexicano, 1999, majaji 5 dhidi ya 4 walisema mahakama za shirikisho haziwezi kuzuia mali kabla ya hukumu kwa dai la fedha tu.

"Mwenye zuio ndiye wa kwanza kulipwa."

Zuio si rehani. Mdaiwa akifilisika, unapanga foleni na wadai wengine, na kabla ya hapo ataruhusiwa kutumia sehemu ya fedha kwa maisha na mawakili wake. Aliyetapeliwa ana njia bora: kudai kwamba fedha hizo ni zake, si deni tu. Dai hilo liandikwe tangu siku ya kwanza.

"Nikiomba zuio bila mdaiwa kuwepo, naeleza ya kwangu tu."

Kosa hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Kwa kuwa mdaiwa hayupo, mwombaji lazima aweke mezani hata yanayomuumiza, na kwa kawaida huahidi kumfidia mdaiwa zuio likionekana halikustahili. Barua moja inayomtetea mdaiwa, ikiachwa nje ya hati ya kiapo, inatosha kufanya amri ifutwe pande zote mbili zitakaporudi mbele ya jaji. Jioni hiyohiyo fedha zinaweza kuhamishwa.